Jimbo Lenye Upana wa Barabara

Jumatatu, 3 Machi 2025. Nyololo.
Mvua. Redio ya mteja imepona mapema kuliko nilivyotaka, sasa kibandani kimya. Lakini kabla haijaondoka imenipa jambo! Msomi mmoja alieleza kwamba ziko nchi ambako watu wachache, wale wanaozidiwa na majirani kila uchaguzi, huchorewa jimbo kwa makusudi ili humo ndani wawe wengi, wapate mbunge wao. Nikaacha kulehemu. Wachache! Si ndiyo mimi? Mnyakyusa pekee mtaa mzima, tangu mke wangu, Mama Joyness, aende kwa kaka yake Uyole, Mbeya. Kisa, niligeuza jiko lake kuwa ofisi ya ushirika wa sungura. Sungura wenyewe hawakufika. Na Tume ya Uchaguzi inapokea maoni ya kugawa majimbo mwezi huu huu.

Jioni jirani yangu Sosthenes, Mhehe, fundi seremala, alinipitishia mbeta, kopo la mwanzi lililojaa pombe ya ulanzi, juu ya ua kama kawaida ya masika. Sikumwambia kitu. Mwanasiasa mkomavu hunywa bila kufungua mdomo.

Jumanne, 4 Machi.
Sensa binafsi. Nimewasaka Wanyakyusa kutwa. Anjela wa chipsi ni Mnyakyusa kwa baba, ila anasema mama yake ni Mbena na ndiye aliyempikia. Aroni, dereva wa lori la mbao, ni Mnyakyusa kabisa, lakini hulala hapa gari likiharibika tu. Nikamwamkia, "Ugonile!" Sijalitamka neno hilo tangu Januari. Akaitika huku anapandisha kioo.

Jumla: mimi. Wengine wote wako Mbeya. Mmoja hasa.

Jumatano, 5 Machi.
Nimelipata! Nimechora nyuma ya kalenda ya kanisa. Jimbo linaanzia kibandani kwangu, linashika barabara kuu, lami na maduka ya kando tu, linapita Makambako, Igawa, Chimala, hadi Uyole, linakata kona na kuishia mlangoni kwa shemeji Peter. Ukilitazama, ni nyoka aliyemeza panya mmoja. Panya ni nyumba ya shemeji.

Nikampigia Mama Joyness kumpa habari kwamba tutakuwa jimbo moja. Akauliza kama nimekula. Nikamwambia tunazungumzia uwakilishi. Akasema, "Baba Joyness, hiyo njia unayoichora ina mabasi." Akakata.

Najua anachotaka. Mke akienda kwao, mume humfuata, na mshenga, na jogoo, akaketi kwenye kigoda asemwe mpaka wasemaji wachoke. Lakini kusemwa na Peter! Afadhali nihamishe mipaka ya nchi.

Alhamisi, 6 Machi.
Mtendaji wa kijiji, Philbert, amesema majimbo hugawiwa kwa idadi ya watu na jiografia, siyo kabila. Nikamwambia hata mimi ni idadi ya watu. Akaguna. Akasema basi niilete ramani mkutanoni Jumamosi, maana siku hizi wananchi hawahudhurii.

Jioni nikafanya kosa: nikamwonyesha Sosthenes. Mpaka unapita juu ya ua wetu, kibanda changu ndani, karakana yake nje. Akauliza mbona kaachwa. Nikamweleza kwa upole kwamba Wahehe ni wengi, nikiwaingiza watanimeza. Akasema, "Miaka yote nakunywesha, leo mimi wa kumeza watu?" Mbeta ikarudi upande wake. Mpaka ni mpaka, akasema. Ulanzi wake hauvuki jimbo.

Ijumaa, 7 Machi.
Hakuna ulanzi. Ng'ambo ya ua wanacheka. Nimechemsha chai, nikajikuta nimetoa vikombe viwili. Kimoja nimekirudisha.

Jumamosi, 8 Machi.
Uwanja umejaa! Nikatundika kalenda. Wakatulia vizuri tu. Ndipo Eveline, Mkinga mwenye duka la jumla, akainua mkono. Je, ni kweli jimbo hili ni lami na maduka tu? Nikajibu kwa fahari, naam. Akauliza, "Na hayo maduka, toka hapa mpaka Uyole, wenyewe ni akina nani, mzee wangu?"

Mungu wangu. Wakinga!

Nimewachorea Wakinga jimbo. Eveline akatangaza papo hapo kwamba anagombea, akaniomba niwe mpiga debe wake. Mmoja nyuma akadakia, eti huko Uyole Wanyakyusa wamekuwa wachache lini? Philbert akafunga mkutano huku anafuta machozi. Akasifu mahudhurio.

Jumapili, 9 Machi.
Sosthenes amekuja. Hakupitia uani, amebisha hodi mlangoni, na mbeta mkononi. Tumekunywa. Kisha akasema Mama Joyness kampigia yeye. Ananingoja. Kwa hiyo kesho tunapanda basi la asubuhi, yeye mshenga, na jogoo wake mwekundu keshamfunga miguu. Mhehe kwenda kuwaomba msamaha Wanyakyusa! Akacheka, akasema atasemwa kuliko mimi. Nikamshukuru kwa Kinyakyusa, "Ndaga, ndugu yangu." Nikamaliza kikombe kwa mkupuo. Ulanzi ulikuwa mkali.

Jumatatu, 10 Machi.
Stendi. Sosthenes kapanda. Jogoo kapanda. Mimi mguu mmoja kwenye ngazi, wazo likanijia: ukiacha lami, ukapita nyuma ya maduka, mashambani, Wakinga wote wanabaki nje! Nikashuka kuchora kabla halijapotea. Konda akapiga bodi, basi likaondoka.

Alasiri Sosthenes kapiga simu toka Uyole, kwa kunong'ona. Jogoo amepokelewa. Kigoda kililetwa, mume hayupo, wakamkalisha yeye. Peter amemsema tangu adhuhuri na bado ana pumzi. Sungura wametajwa.

Nimefarijika sana. Kumbe nina mwakilishi!

Mama Joyness akachukua simu. Amesema jogoo ni mzuri, Sosthenes ni mtu mzima mwenye adabu, lakini yeye harudi na mwakilishi.

Nimemwomba avute subira. Uchaguzi ni Oktoba.