Ningu, Mimi na Mama Mkwe

Jumatatu, 3 Aprili 1995

Leo nimeanzisha kampuni! Haina ofisi, haina boti, lakini jina inalo: Shimba Mbizi Safari (shimba ni simba kwa Kisukuma). Siku hizi kila kitu ruksa, kwa nini mimi nibaki nyuma?

Ilianzia stendi ya Nyegezi. Mzungu kashuka kwenye basi, kijana wa Kifini, jina lake Lasse. Anazunguka Afrika akitazama samaki chini ya maji. Akauliza kama ziwa letu lina samaki wa kupigia mbizi. Kabla sijafikiri, mdomo ulishajibu: ningu! Nikamweleza kwamba zamani mvua za masika au za vuli zikianza ningu walipanda mitoni kwa makundi, watu wakawazoa kwa vikapu. Tangu sangara alitawale ziwa, ningu anaonekana siku chache tu kwa mwaka, na pengine asionekane kabisa. Macho yalimtoka! Tumepanga Jumamosi.

Mimi mwenyewe ningu nimemwona mara moja tu. Alikuwa kwenye sahani.

Kikwazo ni Suzana, mchumba wangu. Harusi ni baada ya Pasaka. Tangu nipunguzwe kazi kwenye ghala la pamba nimefuga sungura (walikula mboga za jirani, kisha jirani akawala wao) na nimekodisha baiskeli (haikurudi). Suzana amesema mradi mmoja zaidi na ng'ombe wa mahari watarudi kwetu kwa miguu yao wenyewe. Hatanii. Nampenda mno yule dada, bila yeye mimi si mtu. Kwa hiyo asijue.

Jumanne, 4 Aprili

Nimekwenda ufukweni hapa Igogo kumwona Antoni, mvuvi, rafiki yangu. Anasema ningu husubiri mvua kubwa ya kwanza. Mto ukigeuka rangi, wanapanda. Mahali pazuri ni kijito kimoja kule ng'ambo ya Bujora.

Bujora! Jasho likanitoka. Huko ndiko kwa mama yake Suzana. Na sisi Wasukuma, mkwe na mkwe hawazoeani hata kidogo. Hampeani mkono, hamli pamoja, hamtazamani. Ukimwona njiani unaingia porini. Mwezi uliopita alikuja ghafla kwa Suzana nami nikiwa ndani nakunywa uji. Nilitokea dirisha la jikoni. Suruali ilibaki msumarini, nusu yake.

Antoni ameniondoa hofu. Kaya ya mama mkwe iko nyuma ya kilima, na mama wa umri ule atafuata nini mtoni? Kweli kabisa. Atafuata nini?

Jioni nilipita kwa Florian, jirani yangu, karani wa benki, mtu wa Bukoba. Ana miwani halisi ya kupigia mbizi, na mrija wake wa kupumulia. Ameitundika ukutani sebuleni, juu ya picha ya harusi yake. Hajawahi kuilowesha. Nikaomba kuazima. Akasema vifaa vile si vya watu wa kubahatisha, kisha akanipa somo refu la kichocho, jinsi kinavyopenya kwenye ngozi. Halafu akauliza, kama hana haja, mzungu gani, na siku gani. Sikumwambia kitu! Nadhani nilitaja Jumamosi. Na Bujora.

Jumatano, 5 Aprili

Hatumhitaji Florian! Nimetengeneza miwani yangu mwenyewe kwa mpira wa ndani wa gurudumu la lori, kioo cha fremu ya picha yangu ya kipaimara na gundi ya kuzibia pancha. Mrija ni mpira wa kumwagilia bustani. Kazi safi mno, nimejipongeza kwa soda.

Nimeijaribu kwenye pipa nyuma ya nyumba. Maji hayakuingia hata tone! Tatizo ni kuivua. Iliponiachia iliondoka na nyusi ya kushoto. Jambo jingine: nilipokwenda ufukweni kujaribu, mwili ulikataa kuzama. Naelea kama kibuyu. Nahitaji uzito.

Alhamisi, 6 Aprili

Uzito umepatikana! Suzana anauza dagaa pale Kirumba, na mizani yake ina mawe ya chuma mazito, yana vishikio, kama yalitengenezwa kwa mbizi. Alipokwenda mazoezi ya kwaya nikayachukua. Nimeazima, si kuiba. Yatarudi Jumamosi jioni.

Ijumaa, 7 Aprili

Siku mbaya. Suzana ameshindwa kupima dagaa. Kapimia kopo, wateja wakamwita mwizi mbele ya soko zima. Alilia. Nami nilikuwa pale pale nimemshika bega, nikimwambia mwizi wake atapatikana tu. Nilijisikia vibaya sana, nikataka kusema. Mdomo, ule unaojibu wazungu upesi, ukagoma.

Na hapo hapo mvua! Mvua ya kuangusha mabati! Suzana analia, mimi miguu inacheza yenyewe. Ningu wanapanda!

Jumamosi, 8 Aprili

Naandika nikiwa nimejifunika shuka gubigubi. Nimekwisha.

Asubuhi nilifika kijitoni na Lasse na Antoni. Nani amesimama ukingoni? Florian! Kaptula mpya, miwani shingoni, anamwambia mzungu wangu kwa Kiingereza cha benki kwamba yeye ndiye mtaalamu. Damu ilinichemka. Lasse alikuwa anatazama maji. Yalikuwa rangi ya chai ya maziwa. Akauliza kwa upole, tutamwonaje samaki? Nikamjibu awe na subira.

Sikutaka Florian anitangulie. Nikavua nguo, nikabaki na chupi. Nikajipaka grisi ya gari mwili mzima kwa ajili ya kichocho. Nikafunga mawe ya Suzana kiunoni kwa kamba, nikavaa miwani, Antoni akashika ncha ya mpira. Nikazama!

Sikuona kitu. Nilileta mkono mbele ya kioo, mkono wangu mwenyewe, sikuuona. Halafu kitu kikanigusa goti. Kikanigusa tena, mgongoni, mbavuni, wengi, wanapita, wananisukuma! Ningu! Walikuwa wananizunguka pande zote! Nikapiga kelele za furaha, maji yakaingia mdomoni, mpira ukanitoka. Mawe yakanishikilia chini. Nikatambaa kwenye matope kama kambale hadi nikaingia kwenye matete, nikasimama nimeshikilia kamba ya mawe iliyolegea, nikainua kichwa.

Wanawake wenye vikapu, ukingo mzima! Kumbe ningu wakipanda, kijiji kizima kinashuka kuwazoa. Nilimwambia Lasse hivyo hivyo kwa mdomo wangu! Na wa mbele kabisa, hatua moja tu kutoka puani mwangu, mama mkwe.

Ningenyamaza ningepona. Nilikuwa mweusi kwa grisi, nina kioo usoni, hata mama yangu mzazi asingenijua. Lakini mtu ukilelewa umelelewa. Nikasema, shikamoo mama.

Akaitikia marahaba. Kisha akaitambua sauti.

Mayowe! Akajifunika uso kwa kanga. Nami nikajifunika uso kwa mikono yote miwili, kama inavyotakiwa, na hapo mawe ya mizani, yasiyo na wa kuyashikilia, yakashuka na chupi yangu. Mtu akadhani ni mamba, akapiga kelele mamba! Florian alikimbia, nimeambiwa hakusimama mpaka Kisesa. Lasse alipiga picha vikapu vimejaa ningu, anaruka kwa furaha. Mimi nikatoroka kwa nyuma nimevaa matete.

Jumapili ya Matawi, 9 Aprili

Suzana alikuja akitoka kwa mama yake. Akaweka mezani mawe yake yaliyookotwa kijitoni, moja moja. Nikaungama yote. Nikalia, tena kwa sauti. Nikamwambia ng'ombe wabaki kwao, nyumba ichukuliwe, ila yeye asiondoke.

Akasema mama ametoa hukumu. Nitatoa mbuzi wa kuosha aibu, na harusi iko pale pale. Eti mwanaume anayekumbuka kumwamkia mkwe hata akiwa katika hali ile, huyo amefunzwa kwao. Suzana akajaribu kukaza uso. Akashindwa. Alicheka mpaka akakaa chini sakafuni, nami nikakaa naye.

Sharti ni moja: miradi basi. Nimeapa, tawi la mtende mkononi.

Jumanne, 11 Aprili

Mama mkwe ametuma ningu wa kukaanga. Mtamu ajabu! Lasse naye ameacha salamu: rafiki zake watakuja mvua za vuli, wanataka kumwona ningu na yule mama wa kikapu.

Nimeapa, ndiyo. Lakini niliapa kuhusu miradi, na hii ni kampuni. Na fikiria: nani anajua siku ningu wanapopanda kuliko mama mkwe? Atakuwa kiongozi wa watalii! Yeye atatangulia na wageni, mimi nitafuata kwa mbali nikitembea kinyumenyume. Maelekezo atayapeleka Antoni. Miwani ya Florian ilibaki ukingoni. Ninayo hapa, na inanikaa vizuri kabisa. Uzito nao najua ulipo.

Suzana asijue.