Tano-Tisa kwa Kila Mtu

Jumatano, 12 Machi

Kosa la wengi kwenye redio ya ridhaa, sisi tunaozungumza hewani kwa kujifurahisha tu, ni haraka. Wanabonyeza kabla ya kusikiliza, wanaaga kabla ya kusalimiana. Mimi nimefundisha shule hadi nikastaafu. Najua kusubiri.

Mashindano ni Jumamosi na Jumapili. Sheria zake hata mtoto anazielewa. Unampata mtu hewani, unamtajia herufi za kituo chako, unampa alama ya jinsi unavyomsikia, na namba inayoonyesha umeshazungumza na wangapi. Naye anakupa zake. Mmeshapata pointi. Mwenye watu wengi ndiye mshindi.

Mke wangu ametoa tamko. Waya wa antena yangu umefungwa juu ya paa, pale pale palipokuwa na kamba yake ya kuanikia. Mwaka mzima anaanika shuka kwenye viti vya sebuleni. Amesema nikishindwa na Fundi Saa safari hii tena, antena inashuka, nguo zinapanda. Nikamweleza kwa upole kwamba redio bila antena ni sanduku tu. Akasema sanduku nalo lina kazi, ataweka vitunguu.

Fundi Saa anakaa mtaa wa pili. Anatengeneza saa na anaongea kama saa. Lazima nimshinde. Sina maisha mengine ya uzeeni niliyoyaandaa.

Alhamisi, 13 Machi

Kikao cha klabu kwenye chumba cha kusubiria wagonjwa, kwa Daktari wa Meno, mwenyekiti wetu. Alitukumbusha adabu. Sikiliza kwanza. Uliza kama masafa, yaani ile namba uliyotegea redio, yana mtu. Sema kwa kifupi. Usijitangaze kwenye ule ubao wa mtandaoni ambapo watu hubandika nani anapatikana masafa gani. Na alama, kila mtu apewe tano-tisa, ndiyo desturi.

Nilisimama! Nikaeleza kwamba tano ni uwazi wa maneno na tisa ni nguvu ya sauti, na hakuna alama ya juu zaidi. Kila mtu? Hata anayesikika kama nyuki ndani ya chupa? Nimesahihisha mitihani maisha yangu yote, sijaona darasa zima likipata mia kwa mia.

Daktari akasema, "Mwalimu, ile ni salamu. Mtu akikuuliza hujambo, unamtolea cheti cha hospitali?"

Wakacheka. Fundi Saa alicheka hata baada ya wenzake kunyamaza. Sikuelewa. Hujambo ni swali. Tano-tisa ni alama. Nani hapa amechanganyikiwa?

Njiani nikapata mpango! Daktari alisema usijitangaze. Hakusema usitangazwe. (Aliendelea kusema jambo fulani kuhusu kuwatuma ndugu na marafiki, lakini nilikuwa bado natafuta miwani.) Shemeji yangu, mdogo wake mke wangu, ni muoka mikate. Ana simu nzuri na vidole vyepesi. Nimeshaongea naye. Nitakapokuwa hewani atapiga simu, nitamsomea masafa, atanibandika ubaoni. Dunia nzima itakuja kwangu. Akili ni mali!

Jumamosi, 15 Machi, asubuhi

Mashindano yameanza. Nilipata masafa matupu. Nikauliza kama yana mtu. Kimya. Nikauliza tena, kisha nikaeleza kwa nini ni vizuri kuuliza mara mbili. Nilipomaliza, yalikuwa na mtu. Nikahama.

Wa kwanza kunijibu alinipa tano-tisa. Nilifurahi. Hapo hapo akasema hanisikii vizuri, nirudie herufi. Nikarudia. Nirudie tena! Nikamuuliza, tano-tisa gani hiyo ya mtu asiyesikika? Akasema ndiyo, ndiyo, tano-tisa, namba yako tafadhali baba. Mimi nikampa tatu-nne, kwa haki, nikamweleza asogeze mdomo mbali kidogo na kipaza sauti. Aliondoka bila kuaga.

Wa pili nikampa nne-sita. Akauliza amekosa nini. Nikaanza kumweleza. Naye akatoweka.

Wa tatu alikuwa mama mwenye sauti safi. Nikampa tano-tisa ya kweli na pongezi, nikamuuliza habari za nyumbani. Akasema, "Mzee wangu, nyumbani kuzuri, ila nyuma yako kuna watu wanangoja." Nikageuka kutazama mlango. Hapakuwa na mtu.

Jumamosi, mchana

Nilizungusha kitufe kidogo nimsikilize Fundi Saa. Aibu tupu! Tano-tisa, asante, anayefuata. Tano-tisa, asante, anayefuata. Cherehani ina utu kuliko yeye. Nikawa naandika makosa yake ya adabu ili nimpelekee. Shemeji akapiga simu katikati ya kazi. Akauliza, "Shemeji, redio yako inasoma ngapi?" Nikamsomea namba iliyokuwa kwenye kioo. Akasema tayari, kaa mkao wa kula.

Nikarudi kwenye masafa yangu, nikakaa mkao wa kula. Nikaita. Kimya. Nikaita tena. Sauti ikanikauka, mke wangu akaniletea maji na kuniuliza kama nagombana na mtu.

Ajabu ni kwa Fundi Saa. Nilipochungulia tena, watu wamemwangukia kama nzi kwenye embe. Wengine wanaita herufi zangu! Yeye anawajibu kwamba huyo hayupo hapa, lakini karibuni, tano-tisa. Mambo gani haya? Ameniibia?

Jumapili, 16 Machi

Kimya. Nimempata mmoja tu. Nikampa tatu-tatu.

Jumatatu, 17 Machi

Daktari wa Meno alinipigia. Herufi zangu zimeonekana ubaoni, zimebandikwa na muoka mikate, kwenye masafa ya Fundi Saa. Kumtuma shemeji ni kujitangaza. Pointi zangu zote zimefutwa. Nilisema hazikuwa nyingi. Akasema anajua.

Fundi Saa ameongoza klabu nzima. Alipita dirishani kwangu, akainua kofia. "Mwalimu, ahsante kwa wateja. Siku nyingine nitumie na chai."

Sasa kila kitu ni wazi. Shemeji aliuliza redio inasoma ngapi, hakuuliza nipo masafa gani! Angesubiri ningemweleza tofauti. Haraka, haraka! Nilisema tangu Jumatano.

Mke wangu alipanda paani na koleo.

Jumanne, 18 Machi

Antena imeshuka. Ila mke wangu si mtu wa kutupa kitu. Ameufunga waya ule ule kwenye nguzo mbili, usawa wa mabega, ameanika shuka sita na shati langu la mashindano.

Asubuhi nimekaa naye uani kwa utulivu, kama mtu aliyeshindwa. Nimeutazama waya. Ni mrefu vile vile. Ncha yake iko karibu na dirisha langu, na redio iko nyuma ya dirisha hilo. Kuna mashindano mengine madogo yanaanza mchana huu, na Fundi Saa yumo. Waya haujui kama umebebeshwa mawimbi au mashuka, ila mashuka mabichi hauyapendi. Shemeji nimeshamwelekeza upya, kwa kirefu. Na yeyote atakayenijibu nitampa alama anayostahili.

Mke wangu ameenda kwa dada yake. Leo, kabla hajarudi: anua nguo.