Kilima Kinachokula Maneno

Jumatatu, 4 Machi
Kile kilima cha nyuma ya kiwanda kimeniponza tena! Nimemwambia dereva wa lori la zege, kwa simu ya upepo, asimwage mpaka fundi afike. Kilima kikameza nusu ya maneno. Akamwaga. Bosi kawaka moto. Kasema atakayefikisha maneno mazima kwa madereva ndiye atakayekuwa mkuu wa chumba cha simu. Mkuu! Tuko wawili tu: mimi, na dada wa meza ya pili. Huyo nimembandika jina la Rudia-Tafadhali, maana asiposikia anaomba arudiwe. Mbele za watu! Eti kuuliza si ujinga. Waliosema hivyo hawakuwa wakigombea cheo. Mke wangu nimeshamwambia cheo ni chetu.

Jumanne, 5 Machi
Dawa nimeipata. Kila neno mara tatu! Kilima kikila moja, mawili yanabaki. Nikaanza: mwaga mwaga mwaga, shule shule shule. Wapi! Lori likaingia nyuma ya kilima, yote yakaliwa kwa mkupuo. Machache tu ya kabla ya hapo ndiyo yaliyofika, na dereva, ambaye ni shemeji yangu, akauliza kama nimeshikwa na kigugumizi. Rudia-Tafadhali akasubiri lori litokeze, akamweleza mara moja, akamtaka ayarudie aliyoyasikia. Zege likafika shuleni. Bahati tu!

Alhamisi, 7 Machi
Kosa lilikuwa kuyaweka maneno pamoja. Leo nimeyatawanya: neno la lori la kwanza, neno la lori la pili, neno la lori la tatu, kisha narudi la kwanza. Kilima kikila, kila lori linapoteza kidogo tu. Akili nywele! Namna ya kuyapanga sikuwaambia madereva, mbinu isije ikaibwa na meza ya pili.

Jioni. Balaa. Lori moja lilitakiwa kupeleka zege kidogo nyumbani kwa bosi. Yote matatu yamekwenda huko, yamemwaga langoni. Gari la bosi liko ndani, na zege linakauka. Shemeji kanitukana hewani, tena kutoka nyuma ya kilima, na halikuliwa hata tusi moja.

Ijumaa, 8 Machi
Bosi kapiga simu ya upepo kutoka ng'ambo ya kilima. Nimenasa haya: kuanzia kesho... wewe... kazi... mkuu wa chumba... dada. Mapengo nimeyajaza mwenyewe: kuanzia kesho wewe una kazi mpya, mkuu wa chumba, na dada atakuwa chini yako. Nimeruka kwa furaha! Rudia-Tafadhali kanisihi nimwombe bosi arudie. Macho yake yalilengwa na machozi. Kijicho hicho! Nimemwambia asiogope, sitamfukuza.

Nilipotoka, mlinzi wa getini kanidai kitambulisho cha kazi. Nimempa, sikumuuliza neno. Bila shaka wananitengenezea kipya.