Majoho Meusi ya Tunduma

Jumatatu, 10 Novemba

Redio imesema mataifa makubwa yamepandishiana ushuru tena. Meli zinageuza njia. Viwanda vya nguo vya China vimejaa mizigo isiyo na pa kwenda. Watu kibandani wakasikia, wakaendelea na chapati zao. Mimi nilisimama! Hiyo ndiyo tofauti kati ya mtu wa kawaida na Eliakim Mwashiuya.

Hesabu ni rahisi. Ushuru ukipanda, bidhaa zinaadimika. Na mwisho wa mwezi huu binti yangu Jenista anahitimu chuo kikuu kule Mbeya. Shahada ya uchumi! Wa kwanza katika ukoo wetu wote wa Hasamba. Yeye na wenzake watavaa nini? Majoho. Majoho yanatoka wapi? China! Bi Mwanakombo wa hapa Tunduma, ambaye huwakodishia wahitimu kila mwaka, na ambaye huniita "mzee wa redio" mbele ya wateja, safari hii atapigwa na butwaa. Majoho yatakuwa kwangu.

Nimeuza kahawa yote. Mke wangu Ferista alikuwa ameitenga kwa ajili ya bati jipya la jikoni. Akauliza kwa nini nisimpigie kwanza Jenista, si ndiyo mambo anayosomea? Nikamwambia mtoto hasumbuliwi na mambo ya sokoni.

Jumatano, 12 Novemba

Nimevuka mpaka hadi Nakonde, upande wa Zambia. Mwenye duka akanipokea kwa "Mwaiseni!" na kiti pia. Wanajua kumtambua mtu. Nimenunua kitambaa cheusi chote, kila jora.

Kurudi, forodha. Nikamweleza afisa, kwa utulivu, kwamba mzigo umetoka Zambia, ni majirani, tuna mikataba, hakuna ushuru hapo. Akaomba cheti cha kuonyesha kitambaa kimetengenezwa wapi. Sina. Akafunua ukingo wa jora. Maandishi ya Kichina, mstari mzima!

"Mzee," akasema, "hiki kitambaa kilishuka bandarini Dar, kikapita hapa hapa juu ya lori kwenda Zambia. Sasa wewe unakirudisha."

Nimelipa ushuru wote. Waliokuwa nyuma yangu wakacheka. Wacheke! Nani kati yao amewahi kuelezwa mikataba ya kimataifa na afisa mwenye sare?

Jumamosi, 15 Novemba

Fundi Hezron anashona. Analalamika kitambaa kinampaka weusi vidoleni. Nikamwambia huo ni ubora, rangi imewekwa ya kutosha. Akaniangalia sana. Mafundi hawana upeo.

Nimepita dukani kwa Bi Mwanakombo makusudi. Nikamsalimia kwa huruma. Akaniuliza kama naumwa.

Alhamisi, 20 Novemba

Balaa! Lori limeshusha marobota mlangoni kwa Bi Mwanakombo. Majoho! Yana mikunjo mizuri, yana kola. Na bei amepunguza kuliko mwaka jana! Nikajua ni ya magendo. Nikampigia Jenista anieleze sheria ya kumshitaki.

 Jenista akasema taratibu, "Baba, ushuru umepanda kwa wale wakubwa, siyo kwetu. Mzigo uliofungiwa mlango kule unatafuta mlango mwingine. Unakuja kwetu, tena kwa bei rahisi."

Alieleza vizuri mno! Hakutafuta neno hata moja. Sijawahi kusikia hasara ikielezwa kwa ufasaha namna ile. Nikasahau kwa muda kwamba ni yangu.

Kisha akanipa habari nyingine. Kamati ya wahitimu imeshakodi kwa Bi Mwanakombo.  

"Baba, mimi nitavaa la kwako," akasema.

Nikamwambia mtandao mbovu, nikakata. Vumbi la malori ya hapa Tunduma linaingia sana machoni.

Jumamosi, 29 Novemba

Mahafali! Wahitimu wote kwenye majoho ya Bi Mwanakombo, isipokuwa mmoja. Jenista wangu. La kwake lilikuwa jeusi kuliko yote. Hata kutoka mbali nilimwona.

Mvua ikanyesha wakati wa maandamano. Rangi ikaanza kutiririka. Viatu vyake vyeupe vikageuka vya kaniki. Ferista akanifinya ubavu. Akaniambia nitazame nilichokifanya. Nikatazama. Mtoto anatembea kichwa juu, nyuma yake ameacha nyayo nyeusi uwanja mzima, na hageuki!

Ndani ya ukumbi akaitwa jukwaani. Mwanafunzi bora wa uchumi! Utafiti wake ni juu ya jinsi ushuru wa wakubwa unavyogeuza njia za bidhaa duniani. Mwalimu wake akamwomba aeleze kwa mfano mmoja. Akasema yupo mfanyabiashara mmoja wa Tunduma aliyesikia ushuru umepanda, akadhani bidhaa zitaadimika, akauza kahawa yake yote kununua kitambaa.

Ukumbi mzima ukacheka.

"Lakini mfanyabiashara huyo," akaendelea, "ndiye aliyenilipia ada kwa kahawa hiyo hiyo, miaka yote. Na joho hili ni lake."

Nikasimama juu ya kiti. "Ni mimi! Baba yake!" Wakapiga makofi. Wahadhiri, wote! Alipokuja kunikumbatia, shati langu jeupe likawa jeusi. Sitalifua.

Jumanne, 2 Desemba

Majoho yaliyobaki Ferista ameyageuza mapazia. Nyumba ina giza la kisomi.

Leo redio imesema kuna mvutano mpya wa ushuru, sasa ni karatasi. Karatasi! Chuo gani kitafanya mtihani bila karatasi? Nimeuza mbuzi. Ferista hajajua.

Na ajabu zaidi, Bi Mwanakombo amekuja mwenyewe hadi nyumbani. Kwa adabu kabisa! Akauliza, "Baba Jenista, mtu ambaye anatajwa chuo kikuu, safari hii unanunua nini?" Nikaona hata mshindani anastahili elimu. Nikamwambia.

Kabla ya adhuhuri ameniletea katoni zote za karatasi alizokuwa nazo ghalani, akaniuzia bila kubakiza hata moja.

Maskini. Hasikilizi redio.