Kamati ya Kuchukizwa na Sinema za Kitaliano

Nina furaha kuwatangazia Waswahili wote wa Dallas, Fort Worth na Houston kwamba maadili yetu yako salama. Yamelindwa Jumamosi nzima, kwa viti, kwa sambusa na kwa televisheni kubwa ya ukumbi wa Jumuiya, hapa Euless, Texas.

Hatari yenyewe ililetwa na Theodora, muuguzi wa Carrollton, msichana mzuri anayeniita bibi ingawa hatuna undugu. Aliwaonyesha wenzake ukumbini sinema ya Kitaliano ya miaka ya sabini, ile aina ambayo vifungo vya nguo havidumu. Mwenyekiti wetu, Mzee Absalom, akataka afukuzwe uanachama. Na aliyefukuzwa, wazee hawakai kwenye harusi yake. Harusi ya Theodora ni mwezi ujao.

Lakini Jumuiya haimhukumu mtu kwa kusikia. Ikaundwa Kamati ya Kuchukizwa, iitazame sinema hiyo yote, mwanzo mpaka mwisho. Tawi la Houston lilipopata habari, wajumbe wake waliendesha gari toka Sugar Land, saa nne na ushee barabarani, ili nao wachukizwe. Wakagombea viti vya mbele.

Mimi, Bibi Prudensia, niliyesoma mpaka darasa la saba, niliteuliwa Mjumbe wa Kanga. Kazi: Mwenyekiti akitoa ishara, nasimama kuifunika televisheni. Kanga niliyokabidhiwa ilikuwa imefuliwa miaka mpaka inapitisha mwanga. Nikaomba kitenge kizito. Ombi likakataliwa kwa kauli moja.

Ishara ilikuwa ile ile ya nyumbani tulipokuwa tunalea: watu wakikaribiana kwenye televisheni, mtoto anatumwa maji. Mtoto wetu alikuwa Queen, mwakilishi wa vijana.

Sinema ikaanza. Mwanamke anakaanga vitunguu, amejifunika mpaka shingoni.

"Queen, kaniletee maji," akasema Mwenyekiti.

Queen akaenda. Nikainua kanga, nikimwonea huruma yule mama na vitunguu vyake. Mara kengele ya mlango ikalia, na vitunguu vikaungua.

Baadaye akapita padri kwa baiskeli.

"Queen, maji!"

"Mais Président," akasema Siméon, Mkongomani wetu, "ile iko baiskeli tu!"

"Maji, nimesema!"

Baiskeli ikakata kona. Kweli, kulikuwa na haja ya maji.

Wakati wa mapumziko Theodora akaulizwa anapenda nini humo.

"Muziki, wazee wangu. Rangi. Na sauti zimepachikwa baadaye, basi midomo inatangulia, maneno yanakuja nyuma yanakimbia. Mbavu sina! Tena sinema hizi zote zinaanza na onyo kwamba zinafundisha maadili. Dhambi inaonyeshwa saa nzima na nusu, mwishoni mwenye dhambi anaanguka ngazini, watazamaji wanarudi nyumbani wametakasika."

"Unafiki mtupu!" akanguruma Mwenyekiti.

Nikaitazama ajenda yetu: sala, onyo, sinema, adhabu. Nikaikunja.

Sinema ikaisha. Kabla ya kura, ikafika zamu ya mengineyo. Nikainua mkono.

"Kitendawili!"

"Tega!" wakaitika wote, Mwenyekiti naye. Hapo hakuna Mswahili anayeweza kujizuia.

"Ana kiu kabla hajala chumvi."

Houston wakatazamana.

"Ni anko Absalom!" Queen akapiga kelele. "Kila saa ananituma before hata hawajafanya kitu! I missed everything!"

"Nilionyeshwa rohoni," akasema Mwenyekiti.

"Roho gani hiyo inajua kona ya baiskeli?" akauliza Siméon.

Mzee akakuna kipara. "Nilikuwa kijana, Arusha. Niliiona. Kwa ajili ya... kuihukumu."

"Mara ngapi, mzee mwenzangu?" nikamuuliza kwa upole.

"Mpaka niliporidhika kwamba ni mbaya."

Kamati ikaazimia, kwa busara yake, kwamba sinema iliyohakikiwa kwa kina hivyo na Mwenyekiti mwenyewe haiwezi kumfukuzisha mtu. Theodora ataolewa, wazee tukiwa mstari wa mbele.

Mimi nimestaafu. Mjumbe wa Kanga sasa ni Mzee Absalom. Kila Jumamosi Theodora na wenzake wanapoonyesha sinema, anasimama kando ya televisheni, ameipa mgongo, uso kwetu, kitenge kizito mkononi. Hageuki hata kidogo, mtu wa maadili yule.

Ila midomo yake inatangulia maneno ya sinema.