Siku Nilipoombewa Nikiwa Kabatini

Leo nimeumbuka. Mchungaji, wazee wawili wa kanisa na akina mama tisa wamesimama chumbani kwangu mchana huu wakamwomba Mungu anilinde safarini. Mimi nilikuwa hatua mbili kutoka kwao, ndani ya kabati la nguo, nimevaa fulana na kaptula ya kulalia. Safari yenyewe sikuwa nayo.

Nawaandikia mapema kwa sababu habari inayozunguka kijijini tayari ina chumvi. (Eti nilivaa gauni. Si kweli. Lilikuwa koti la kulalia, na nilijifunika tu.) Acha niipange kama ilivyotokea.

Mimi na mke wangu, Mama Njeri, ni walimu. Shule zilipofungwa, watoto walikwenda kwa nyanya yao Othaya, tukabaki wawili hapa nyumbani, nje kidogo ya Kiganjo, jua likiwaka na vumbi likiingia mpaka kwenye chai. Wiki ya kwanza ilikuwa kama fungate. Wiki ya pili tukaanza kujuana. Mimi niligundua kwamba yeye huhesabu vijiko kila jioni. Yeye aligundua kwamba mimi hutazama tamthilia ya saa nane mchana, na kwamba hulia. Wiki ya tatu, rimoti ikapotea.

"Sijaiona," aliniambia, akichambua maharagwe. Hakuinua hata macho.

Katikati ya amani hiyo tukapata mwaliko. Jumapili hii tuwafundishe vijana wanaojiandaa kufunga ndoa. Somo: Uwazi katika ndoa. Mama Njeri ameungoja mwaliko huu miaka sita. Kila mwaka huitwa wengine, naye hukaa kiti cha mbele akiandika makosa yao. Mara hii ameshona rinda jipya na kujaza daftari zima, kwa kalamu ya rangi mbili.

Lakini kanisa letu lina utaratibu wake. Huwezi kufundisha ndoa kabla hujatembelewa nyumbani, watu wakae, wanywe chai, waone mnavyoishi. Ziara yetu ilipangwa leo, saa sita.

Ziara hizi nazijua. Ile ya kwa jirani ilianza saa sita ikaisha ng'ombe wakikamuliwa. Ubaya zaidi, mume huombwa asimame aeleze anavyompenda mke wake. Mimi ni mwalimu wa Jiografia. Niulize aina za mawe, nitazitaja zote nikiwa nimefumba macho. Mapenzi sijui hata nianzie upande gani wa ramani.

Kwa hiyo jana jioni nikatafuta dharura. Nikamwambia Mama Njeri kuna mtu Mweiga ana mbegu nzuri ya viazi, waru kama tunavyoviita huku, na anaiuza kesho tu.

"Kesho tu?"

"Kesho tu."

"Na hiyo waru haiwezi ngoja Ijumaa?"

"Msimu haungoji mtu, Mama Njeri."

"Sawa. Nitawaambia hivyo. Lakini usiniaibishe, Baba Njeri. Hawa watu ndio wataamua kama tunafundisha ama hatufundishi."

Leo asubuhi nikaondoka nikiwa na gunia tupu la mbegu chini ya kwapa. Nikaenda Chaka. (Kwa msiozijua barabara za huku: Chaka si njia ya kwenda Mweiga. Haijawahi kuwa.) Nikaagiza nusu kilo ya mbuzi, kachumbari na ugali mdogo, nikakaa pale penye moshi mwingi ili wanaopita wasinione vizuri. Nikala polepole. Nikapiga hesabu: wameanza saa sita, wana mahubiri mafupi, wana chai, wana maombi. Saa tisa watakuwa wameshaondoka.

Saa tisa na robo nilikuwa nyumbani. Langoni hapakuwa na gari. Kimya. Nikapitia mlango wa nyuma, nikaliacha gunia nje, nikafika kwenye ujia, kisha nikasikia sauti ya Mzee Gichuki, mwenyekiti wa wazee, ikitoka sebuleni:

"Kwa vile tumechelewa kufika, nitasema mambo matatu tu."

Waliofika saa tatu zilizopita ni wale niliowawazia Chaka. Hawa wa kweli walikuwa ndio kwanza wameketi. Walikuwa wametembea kutoka kanisani.

Nikanyata hadi chumbani. Mwili mzima ulikuwa na vumbi na moshi, basi nikavua shati na suruali, nikavaa kaptula, nikajilaza kitandani kungoja waondoke. Kusema kweli, mpango haukuwa mbaya. Nyumba yetu ina kuta nyembamba, na nilikuwa nasikia kila kitu.

"Sisi huamka saa kumi na moja tukaomba pamoja," Mama Njeri alikuwa akieleza. "Halafu ananipikia chai, ananiletea kitandani."

"Woi!" akina mama wakasema.

Nilikuwa nimelala juu ya kitanda hichohicho. Nikajaribu kuikumbuka hata siku moja ya hiyo chai. Hakuna.

"Na hanifichi kitu," akaendelea. "Hata leo ameenda Mweiga, na ameniambia mpaka aina ya mbegu."

"Hiyo ndiyo bwana sasa," akasema mmoja. "Wangu akienda dukani anarudi kesho."

Kuna kitu kilinibana kifuani. Sikukiita toba wakati huo. Nilidhani ni mbuzi.

Ndipo Mchungaji akasema: "Kabla ya chai, tuombee nyumba hii. Chumba kwa chumba."

Dirisha letu lina vyuma. Mlango unatokea kwenye ujia, na ujia ulikuwa unajaa miguu. Chini ya kitanda kuna magunia mawili ya viazi. (Ndiyo. Tunavyo viazi. Sikuwahi kuhitaji vingine.) Likabaki kabati.

Kabati hilo lilitengenezwa na fundi wa Kiganjo kwa mbao mbichi za saiprasi, na milango yake haijawahi kukutana. Inaacha ufa wa upana wa kidole. Ndani mna sweta za baridi ya Julai, suti yangu ya harusi ambayo sasa ingemtosha mtu mwingine, na dawa ya nondo ya kuua ng'ombe. Nikajikunja katikati ya sweta. Mkono wangu ukagusa kitu kigumu ndani ya soksi ya mtoto.

Rimoti.

Kwa siku nne mke wangu alikuwa ameniambia hajaiona. Sasa nilikuwa na ushahidi mkononi, lakini sikuwa na mahali pa kuutolea.

Waliombea jikoni. Wakaombea chumba cha watoto. Kisha wakaingia. Kupitia ule ufa niliona sketi, viatu, fimbo ya Shosho Wangari, ambaye ndiye mkongwe wa ushirika, na uso wa Mama Njeri. Uso huo ulikuwa umegeukia kitandani. Kitandani palikuwa na suruali yangu, ile niliyotoka nayo asubuhi.

Akaitazama suruali. Akatazama kabati. Nina hakika aliliona jicho langu.

Halafu Mama Njeri, mwalimu wa shule ya msingi, mwenye daftari la uwazi katika ndoa, akaketi kitandani taratibu, juu ya suruali, akaitandaza sketi yake vizuri, akafumba macho kuomba.

Sijawahi kupendwa hivyo maishani mwangu.

Maombi yakaanza, kila mtu kwa zamu. Mnajua mtu anavyotoa haja zake kwenye ushirika ili wenzake wamwombee. Leo nimejua haja za mke wangu.

"Bwana," Mama Wambui wa dukani akasali, "unamjua Baba Njeri. Unajua vile analia akiona televisheni. Mpe moyo wa mwanamume."

"Mguse na ile kukoroma, Baba," akadakia mwingine.

"Na ile tabia ya kuambia watu nakuja na haji," akasema wa tatu.

Nikavumilia. Mchungaji akachukua zamu ya mwisho. "Mfikie mtumishi wako mahali popote alipo sasa hivi. Kama yuko barabarani, mfikie. Kama yuko gizani, mtoe!"

"Mtoe!" wakapaza sauti.

"Ameni!" Wote wakaitikia. Mimi niliuma mkono wa sweta, nikaokoka.

Ingeishia hapo. Akina mama walishaanza kugeukia mlango, harufu ya chapati ikiwavuta. Lakini Mchungaji wetu hapendi mambo ya nusu.

"Bwana asifiwe!" akasema.

Wakaitikia kwa uchovu, kama watu wanaopiga miayo. Mimi sweta ilikuwa bado mdomoni; nikaitema, nikidhani yamekwisha.

"Hiyo ni Ameni ama ni pumzi? Nimesema, Bwana asifiwe!"

Wapendwa, mimi nimelelewa kwenye shule ya Jumapili. Naimba besi kwenye kwaya tangu nivunje sauti. Miaka yote hiyo, nikisikia maneno hayo mawili, kinywa changu hakiniulizi.

"AMENI!"

Vining'inizi vya nguo vikatikisika. Wale wengine, nadhani kwa mshangao, hakuna aliyeitikia. Nilikuwa peke yangu, na nilikuwa na sauti nzuri sana.

Kupitia ufa nikaona vichwa vikigeuka kuelekea kabati, kimoja baada ya kingine. Vyote isipokuwa cha Mama Njeri, ambacho kilikuwa kinatazama dari.

"Kabati imeitikia," akanong'ona Shosho Wangari.

"Bwana asifiwe?" Mchungaji akaliuliza kabati, taratibu, kama mtu anayejaribu kipaza sauti.

Sikujibu. (Mimi hujifunza haraka.) Mzee Gichuki akafungua mlango.

Nikavuta koti la kulalia la Mama Njeri lililokuwa karibu, nikajifunika. Lilikuwa la rangi ya waridi. Nikatoka.

"Baba Njeri."

"Mchungaji."

"Tumeambiwa uko Mweiga."

"Nimerudi."

"Kupitia kabati?"

Mama Wambui akasogea, akanusa mara mbili. "Na hiyo mbegu ya waru mbona inanukia mbuzi ya kuchoma?"

"Muacheni," akasema Shosho Wangari. "Si tumeomba atolewe gizani? Ametolewa. Sasa mnataka nini tena?"

Ningeweza kuokoka hapo, kwa rehema ya Shosho. Lakini Mzee Gichuki alikuwa ameona mkono wangu. "Na hiyo kwa soksi ni nini?"

"Rimoti."

"Ngoja," akasema Mama Wambui. "Hii si ile rimoti Mama Njeri alituambia juzi tuombee ipatikane?"

"Imepatikana," nikasema.

"Kwa kabati yenu? Ndani ya soksi?"

Wote wakamgeukia Mama Njeri. Akainuka kujibu. Alipoinuka, suruali yangu ikabaki pale kitandani, imenyooka vizuri, ina joto.

Mchungaji aliitazama suruali, akatazama rimoti, akatazama koti la waridi. Kisha akasema neno moja: "Tutaongea." (Walio kanisani wanajua uzito wake.) Chapati zilibaki mezani, zimefunikwa. Ni Shosho Wangari tu aliyebeba mbili kwenye kitambaa.

Walipoondoka nilimfuata Mama Njeri jikoni, nikaomba msamaha. Aliendelea kusugua sufuria.

"Nilikalia suruali yako, Baba Njeri. Mbele ya Mchungaji. Kazi yako ilikuwa kunyamaza tu."

"Ni mazoea, mama."

"Mazoea? Miaka kumi na tano nikikuita kutoka hii jikoni huitikii. Leo ndio umejua kuitikia?"

Nikataja suala la rimoti, kwa sauti ya chini. Akanitazama, na hilo likaishia hapo.

Sasa ni saa moja jioni. Chakula changu kimeandaliwa. Kimewekwa kabatini, kwenye rafu ya sweta, pamoja na kikombe cha chai. Rinda jipya limening'inizwa kwenye mlango wa kabati hilohilo, limepigwa pasi. Mama Njeri ameketi sebuleni na daftari lake mapajani. Halisomi. Ameniuliza jambo moja tu tangu hapo: "Bado tunafundisha?"

Ratiba ya Jumapili ilitumwa kwenye kundi la kanisa nusu saa iliyopita. Somo ni lilelile, Uwazi katika ndoa. Penye jina la walimu pana nukta tatu.

Nimekusanya ujasiri nikaandika: "Bwana asifiwe, wapendwa. Je, Jumapili sisi bado tupo?"

Watu thelathini na wanane wamesoma. Hakuna hata mmoja aliyeitikia Ameni.