Kompyuta ya Afisi ya Roshani Haijaharibika

Inatangazwa kwa wakazi wote wa Mji wa Kale, wenye nyumba na wapangaji, wa Ndia Kuu na wa vichochoroni, kwamba kompyuta ya Afisi ya Roshani na Milango ya Kale haijaharibika. Imekataa kuwaka tu. Hayo ni mambo mawili tofauti, na mimi Ngowa, Katibu wa Afisi, nimeona nieleze tofauti yake kabla watu wa mji huu hawajaeleza wao, maana midomo yao naijua.

Kompyuta yenyewe ni ya kubeba. Yafunguka na kufungika kama kisanduku cha dhahabu, na tuliletewa na wafadhili wa ng'ambo mwaka huu wa 1996. Ilipofika tuliipokea kwa heshima zake. Zulia likatandikwa, ubani ukafukizwa, na Bwana Sheikhan, Mkurugenzi wetu, akashika mrashi wa fedha wa marehemu nyanyake, akawanyunyizia wageni marashi mikononi. Alipoifikia kompyuta akasema hata hii ni mgeni, na kwetu mgeni hakosi marashi. Akainyunyizia. Mikono haikuwa nayo, basi marashi yakaingia baina ya vitufe, na kwa kuwa ndiyo iliyokuwa mgeni rasmi, akaiongezea. Tukapiga makofi.

Hapo hapo Bwana Sheikhan akasoma Waraka. Kuanzia leo, hakuna ubao wa roshani utakaong'olewa, kukatwa wala kupigwa msumari bila kibali kilichotoka ndani ya kompyuta. Kibali cha mkono hakitambuliki. Cha mdomo ndiyo kabisa. Na maombi yatashughulikiwa kwa zamu, aliyetangulia atangulie, awe nani. Tapureta ya Purity, mpiga chapa wetu, ikafungiwa kabatini mbele ya wageni, kama mtu anayepelekwa rumande. Kisha Mkurugenzi akabonyeza kitufe cha kuwashia. Kompyuta ikanyamaza. Akabonyeza tena, huku akitabasamu kwa ajili ya mpiga picha. Ikanyamaza tena, nasi tukala haluwa.

Mwombaji wa kwanza chini ya Waraka huo alikuwa Bi Mejumaa, jirani yetu wa ukuta kwa ukuta. Afisi yetu iko ghorofani katika nyumba ya kale, na roshani yetu na yake ni moja, ila pamesimamishwa kiambaza cha mbao, kimo cha kiuno, kugawanya serikali na raia. Bintiye, Mwanabaraka, anaolewa mwisho wa mwezi. Bwana harusi akija na matari yake, wanawake wa mtaa mzima watapanda kwenye roshani hiyo kumtazama, na mbao zake zimeoza hata ukucha wazama.

"Bwana Katibu," aliniambia, "mimi nina mwana mmoja tu wa kike. Mwataka siku ya harusi yake niwe naokota watu barabarani?"

Nilimwambia Afisi inamsikitikia. Akaniuliza basi hiyo mashine yenu yaamka lini. Nikamfahamisha kwamba suala liko katika ngazi ya uchunguzi. Akatazama mbao mpya alizokwisha kununua, zimeegemezwa ukutani, na seremala wake Chonga aliyekuwa amezikalia, akashusha pumzi. Wallahi nilimhurumia, lakini huruma haina kifungu katika Waraka.

Hatukulala. Tuliunda Kamati ya Kuwasha, Bwana Sheikhan akiwa mwenyekiti nami nikiwa wengine wote. Kwanza tulituhumu soketi. Tukachomeka birika la umeme, likachemka, tukanywa chai, na soketi ikaondolewa lawama. Kisha tukatuhumu waya. Tukaunyoosha, tukaukunja, tukauchomeka ukiwa umepumzika. Kisha Mkurugenzi akatuhumu kidole changu, kwamba huenda mashine kama hii haiitiki kidole cha cheo cha chini, na kuanzia siku hiyo akawa anabonyeza mwenyewe. Haikuitika hata cha juu, ila hilo halikuandikwa.

Purity alisema kwa upole kwamba tapureta yake bado nzima, na Bi Mejumaa angepata kibali chake kabla ya chai kupoa. Bwana Sheikhan akamjibu kwamba serikali yaelekea mwaka elfu mbili, hairudi nyuma.

Ndipo tukamwita Kashif, fundi wa redio wa Biashara Street. Kashif aliishika kompyuta, akainusa, akainamisha upande mmoja. Yakachuruzika maji mezani, na afisi nzima ikanukia waridi. Kashif akanitazama. Mimi nikamtazama Mkurugenzi. Mkurugenzi akatazama dari.

"Huo ni unyevu wa pwani," akasema. Kamati ikapitisha.

Kashif alitaka kuichukua dukani aifungue, aikaushe, aone kama kuna kilichosalia. Akaelezwa kwamba kufungua mali ya serikali kwahitaji kibali. Akauliza kibali chatoka wapi. Tukamwonyesha kompyuta. Akakusanya bisibisi zake, akatuaga vizuri, na huko ngazini nikamsikia akicheka peke yake.

Bwana Sheikhan hakuvunjika moyo. Alikumbuka redio ya babake, na kila aliyelelewa na redio ya mawe ajua: mawe hayo, yaani betri zake, yakilegea huanikwa juani, jioni yakasoma taarifa ya habari. Basi akaichomoa betri ya kompyuta, akaamuru ianikwe roshani juu ya leso yake nyeupe, jua la saa sita liingie vizuri. Mimi niliiweka karibu na mlango. Yeye akasema hapo pana kivuli, akaisukuma kwa ufagio mpaka katikati.

Bi Mejumaa, aliyekuwa akianika nguo upande wake, akamwambia, "Baba, hapo katikati usipakanyage. Pamekwisha."

Bwana Sheikhan akamjibu kwa adabu kwamba kwa mujibu wa Afisi roshani haijaoza, kwa kuwa hakuna kibali kilichosema imeoza. Bi Mejumaa akabana nguo yake kwa kibanio.

Saa saba hivi leo akatua kunguru. Wa mji huu mwawajua, hawana haya hata mbele ya serikali. Akaidonoa betri, akaona hailiki, akaivuta leso. Bwana Sheikhan akatoka mbio na ufagio kuokoa mali ya wafadhili, akamfikia kunguru pale pale katikati. Kunguru akaruka. Ubao haukuweza kuruka, ukakatika. Mguu mmoja wa Mkurugenzi ukashuka mpaka paja, kiatu kikamtoka, kikaanguka Ndia Kuu juu ya kitambaa cha muuza vinyago, naye akakipanga pamoja na biashara yake.

Alhamdulillahi hakuumia, aliumia heshima tu. Chonga alikuwa ameshavuka kiambaza na msumeno. Alisema ni jambo dogo, akate kipande kimoja cha ubao, bwana mkubwa atoke.

"Ngoja, Chonga," Bi Mejumaa akasema. "Kibali kiko wapi?"

"Kata," Mkurugenzi akasema. "Mimi ndiye ninayekuambia."

Hapo ilibidi nimkumbushe, kwa unyenyekevu, kwamba kibali cha mdomo ndiyo kabisa. Alinitazama kwa jicho ambalo sijaliona katika kanuni zozote za utumishi. Akatazama barabarani kupitia tundu, ambako watoto walikuwa wameshaanza kukusanyika chini ya soksi yake. Kisha akasema, kwa sauti ndogo, "Ngowa, mwambie Purity afungue kabati."

Purity aliifuta tapureta vumbi kama anayempokea nduguye. Chai haijapoa, Waraka ukafutwa, na kibali kikatoka: roshani nzima itengenezwe, upande wa Bi Mejumaa na upande wa Afisi. Mkurugenzi akatia sahihi juu ya goti lililobaki ghorofani.

Chonga akauliza aanzie wapi. Wote wakanigeukia mimi. Nami nikasoma sehemu ya pekee ya Waraka ambayo Mkurugenzi, kwa haraka zake, hakuifuta: maombi kwa zamu, aliyetangulia atangulie, awe nani. Aliyetangulia ni Bi Mejumaa. Chonga akavuka kurudi upande wa pili, akaanzia ukingo wa mbali kabisa.

Bi Mejumaa si mtu mbaya. Amemletea Mkurugenzi mto wa kuegemea na kahawa tungu, akamwalika harusini. Kisha akaingia ndani, akatoka na mrashi wake, akamnyunyizia mikononi na kichwani. Alisema mgeni hakosi marashi, na huyu, kwa jinsi alivyoketi, ni mgeni rasmi. Akamwongezea.

Kwa hivyo wapitao Ndia Kuu alasiri hii, wakiona juu yao mguu usio na kiatu ukinukia waridi, wanaombwa wasiuvute. Mkurugenzi hajakwama. Anangoja zamu yake tu.